Maji Yasizidi Chozi

Ukimwona Bwana Afya anashuka kwenye baiskeli mahali asipoitwa, ujue pana harufu ameifuata. Hivyo ndivyo tulivyosema pale machimboni Nyarugusu, na hatukusema kwa kumsifu. Alibeba mfuko wa chokaa nyuma ya baiskeli, akamwaga mstari mweupe kuzunguka choo au kisima, na mara nyingine hazikupita siku nyingi tukachimba kaburi karibu na ule mstari. Wachimbaji wakapiga hesabu yao: chokaa kwanza, kaburi baadaye, basi chokaa ndiyo inayoliita kaburi. Kwamba yeye aliunusa ugonjwa kabla yetu sote, hilo halikuwaingia upesi. Hata mimi, jirani yake wa uzio mmoja wa minyaa, nilikuwa nikisikia kengele ya ile baiskeli nafunika vyungu vyangu.

Alikozaliwa sikujui, na ukoo wake hakunitajia. Mimi namkumbuka kwa kijiko. Wenzake wa serikalini waliweka kalamu kwenye mfuko wa shati. Yeye aliweka kijiko cha chai. Kwa kijiko hicho alionja maji ya kila nyumba aliyoingia, akayazungusha mdomoni, akatema pembeni, akatikisa kichwa. Hakuwa na haraka ya kukwambia alichokionja. Unabaki umesimama na moyo wako mkononi.

Mimi nilikuwa nawapikia wachimbaji ugali na maharage pale senta. Siku moja, saa ya wateja wengi, akaja akaonja maji ya dumu langu.

"Mama Masanja, haya umechota wapi?"

"Kisimani, Bwana Afya."

"Kisima kipi?"

"Kile cha karibu."

"Karibu na nini?"

Nikageukia maharage yangu, maana kisima kile kilikuwa karibu na choo cha wachimbaji na sote wawili tulijua. Akaliinua dumu, akalimwaga lote mbele ya watu, kisha akaketi akaomba ugali. Nilimtukana kimoyomoyo kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kisukuma, ambako matusi yana nyama zaidi. Alikula, akanawa, akasema wabeja, yaani asante, akaenda zake. Kesho yake alfajiri nilikuta dumu mbili za maji yaliyochemshwa zimewekwa mlangoni kwangu, na alama ya tairi la baiskeli kwenye vumbi.

Ndivyo alivyokuwa. Alitaka kila mtu anawe mikono, na baiskeli yake ilikuwa na tope la masika mawili. Alikemea tumbaku, na meno yake yalikuwa ya kahawia kwa tumbaku ya Ushetu. Mlevi akimtapikia viatu alimfuta mdomo taratibu na kumwita mdogo wangu, lakini mkewe akichelewesha maji ya kuoga alinuna mpaka jioni. Wageni walipata subira yake yote, nyumbani akarudi na makombo.

Mkewe tulimwita Mama Kulwa, kwa pacha wake wa kwanza. Wa pili ni Doto. Mwanamke wa Ushirombo, Mkatoliki wa kwenda kanisani hata mvua ikinyesha, mwenye sauti ya kuimba iliyovuka minyaa ikanikuta jikoni. Aliimba anapotwanga, aliimba anapofua, na mumewe akinuna aliimba zaidi makusudi ili amchokoze. Nilimpenda sana yule mwanamke, na nasema hivyo wazi kwa sababu wakati ule sikumwambia.

Sasa, chai. Bwana Afya alikunywa chai bila sukari, chungu, na mkewe vivyo hivyo, na mapacha vivyo hivyo. Ukienda kwao unapewa kikombe cha chai ya rangi kikali kama dawa ya minyoo. Watu wakasema ni bahili. Ilikuwa miaka ile ambayo sukari ni ya foleni na ya kujuana, na mtu aliyepata ratili moja aliibeba chini ya khanga kama mtoto mchanga. Lakini mimi nilijua kwamba chini ya kitanda chake lilikuwepo pipa la bati lenye mfuniko, na ndani ya pipa kulikuwa na sukari. Nyingine aliipata wilayani kwa ajili ya wagonjwa. Nyingine ilikuwa ya kaya yake mwenyewe, isiyoonjwa. Na nyingine, nitasema tu, aliinunua kwa watu ambao hukuwauliza walikoipata.

"Mama Kulwa," nilimwambia mara moja, nikikunja uso kwa ile chai, "hata kijiko kimoja kwa mgeni?"

Akacheka. "Mayu, mama yangu, sukari ya nyumba hii ina wageni wake. Hawajafika bado."

Nilidhani anatania. Baadaye kidogo nikaelewa, nikakiweka kikombe chini, sikukimaliza.

Wageni wenyewe ni akina nani, alitufundisha Bwana Afya, kila alipopata watu wawili waliotulia. Kipindupindu kilikuwa kimeshapita mahali pengine nchini, na yeye alikuwa na hakika kwamba kitafika kwetu. Hakusema kikija, alisema kitakapokuja. Alisimama juu ya kifusi cha mchanga, wachimbaji wameketi na makarai yao, akaanza.

"Nyie hapa mna sheria. Duarani hashuki mtu peke yake. Kweli si kweli?"

"Kweli!" Duara ndilo shimo la dhahabu, na sheria hiyo hata mlevi aliishika. Aliyetaka kushuka peke yake, mlinda duara alimnyima kamba.

"Basi na tumboni mwako kuna duara na kuna mlinda duara. Sikilizeni. Chumvi ikiyeyuka kwenye maji si punje tena. Inakuwa vipande visivyoonekana, na kila kipande kimebeba chaji, kama betri ya redio. Utumbo umejengwa kwa chembe hai, na ukuta wa chembe hai ni mafuta. Chenye chaji hakipiti kwenye mafuta. Umeona maji kwenye ngozi iliyopakwa samli? Yanateleza tu. Basi chumvi inateleza hivyo hivyo, inabaki nje."

"Sasa inaingiaje?" akauliza mchimbaji mmoja.

"Kwa mlango. Mlango wenyewe umeumbwa kwa protini, una viti vya chumvi na una kiti cha sukari. Chumvi ikikaa peke yake, mlango hausogei. Sukari ikija peke yake, vilevile. Vikijaa viti vyote, mlango unageuka. Unafunga nje, unafungua ndani, vinashuka pamoja. Na vikishashuka, maji yanafuata kama mbwa anavyofuata wenye nyumba."

"Na huko ndani anayevisukuma ni nani?"

Swali hilo lilimfurahisha mpaka akavua kofia. "Hakuna anayevisukuma. Upande wa ndani yupo mtumishi asiyelala, kazi yake kuichota chumvi na kuitupa upande wa damu. Kwa hiyo ndani chumvi ni haba daima, na ya nje inasukumana kuingia. Sukari inadandia msukumo huo, kama nyie mnavyodandia lori la Geita."

Wakacheka. Kuanzia siku ile wakawa wanaambizana, tumboni kuna duara! Yeye akasubiri kicheko kiishe. Hapo sauti yake ilikuwa inashuka, na mimi niliyekwisha kuisikia habari hiyo mara nyingi bado nilisogea karibu nisikie.

"Kipindupindu kinafungua milango mingine yote, ya kutoa maji nje. Mtu mnene asubuhi, jioni ngozi imemning'inia. Lakini ule mlango mmoja hakiugusi. Hakijui kama upo. Humo ndimo tutakamomwokoa mtu, kwa chumvi na sukari na maji yaliyochemshwa. Chumvi ni kidogo! Onja chozi lako, kisha onja maji. Maji yasizidi chozi. Na chumvi peke yake msimpe mtu. Ikizidi inayavuta maji ya mwilini kuyatoa nje. Mtakuwa mmemshushia adui kamba."

Mama Kulwa aliijua hotuba hiyo kuliko mumewe. Alikuwa akiisema kwa sauti ya kumwigiza, akisimama juu ya kinu, nasi tunashika mbavu. "Maji yasizidi chozi!" anasema, kidole juu, kofia ya mumewe imemfunika macho.

Halafu ukaja msako wa serikali wa bidhaa zilizofichwa. Redio ilikuwa imewataja walanguzi na wahujumu uchumi siku nzima, na katika senta ya jirani mwenye duka alipandishwa lori mbele ya wanawe kwa magunia yaliyokutwa nyuma ya nyumba. Hofu ile siwezi kuieleza kwa aliyezaliwa baadaye. Watu walitupa mali zao wenyewe. Vitenge vilielea mtoni. Mimi nilifukia sabuni zangu chini ya mgomba, na mgomba ule ukafa. Kila mwenye kitu kilichozidi kimoja alijiona mwizi.

Bwana Afya hakuwepo. Alikuwa amekwenda kukagua vyoo katika machimbo ya mbali. Asubuhi moja nilisikia kwa jirani mlango wa choo unafunguliwa na kufungwa, unafunguliwa na kufungwa. Nikachungulia kwenye minyaa. Mama Kulwa anatoka ndani na beseni kichwani, amelifunika kwa khanga, anaingia chooni, anatoka na beseni tupu.

"Mama Kulwa! Unafanya nini?"

Alisimama. Jasho lilikuwa limemlowesha. "Wamefika barabarani, Mama Masanja. Wanaingia nyumba kwa nyumba. Pipa lile wakilikuta, nani ataniamini kwamba ni la wagonjwa? Ana karatasi gani yule? Watamchukua baba watoto."

"Subiri kwanza arudi."

"Yaya, hapana. Akirudi watamkuta nalo." Akaingia ndani kuchukua jingine.

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Aliyekuwa na mume na pipa siku ile angefanya alivyofanya yeye. Msako wenyewe ulifika, wakalifunua pipa, wakakuta mtama aliolijaza upesi upesi, wakaondoka. Alimwokoa mumewe, hilo lisipunguzwe na lililofuata.

Lakini sukari haifichiki. Siku iliyofuata sisimizi walijipanga kutoka uani hadi chooni, mstari mweusi mpana, na nyuki wakalizunguka paa la choo wakilia. Bwana Afya aliporudi alisimamisha baiskeli, akautazama ule mstari. Mtu wa kufuata harufu, hakuhitaji kuambiwa. Akaufuata mpaka mlango wa choo, kisha akaingia ndani ya nyumba, na nikamsikia akifunua pipa.

Nilitegemea kelele, lakini aliongea taratibu, na ndiyo maana nilisikia kila neno.

"Umeua watu, Mama Kulwa. Hujawaona bado, lakini umeshawaua."

"Wangekuchukua."

"Wangenichukua mimi mmoja."

Hakusema kingine, siku ile wala zilizofuata. Maji ya kuoga alijitekea mwenyewe. Chakula alikula bila kuinua macho. Na nyimbo zikakatika. Mimi niliyekuwa nikilalamika kwamba zinanichosha, nilikaa jikoni nikazisubiri, nikaogopa. Nilimwambia Bwana Afya, kaka, ongea na mkeo. Akanijibu, "Nitaongea naye mvua ikipita salama." Kama vile neno la kumtuliza mtu linangoja majira.

Mvua haikupita salama. Iliyajaza maduara maji, ikavichukua vyoo ikavimwaga mtoni, na wachimbaji wakanywa maji yale yale waliyooshea mchanga. Wa kwanza alikuwa kijana mmoja mcheshi aliyekuwa akila kwangu kila siku. Asubuhi alitania ugali wangu, jua likiwa utosini macho yalikuwa yameingia ndani na vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda kufua. Tukajaza darasa la shule kwa wagonjwa. Pakiti za dawa zilizotoka wilayani zikaisha mara moja, na barabara ikakatika.

Hapo nilimwona Bwana Afya akifikiri. Alisimama mlangoni pa darasa na kijiko mkononi, akanitazama, akatazama vyungu vyangu.

"Mama Masanja, una mtama?"

"Ninao."

"Pika uji. Mwepesi, unywewe kama maji. Chumvi nitatia mimi. Wanga ni sukari iliyofungwa mafundo. Tumbo litayafungua lenyewe. Mlinda duara hatauliza imepitia wapi."

Nikapika uji ule mpaka nyusi zikaungua. Akaonja kila chungu. Tukawanywesha kijiko kwa kijiko, wakitapika tunaanza tena, na mimi kwa macho yangu niliona ngozi zikirudi, niliona mtu tuliyekwisha kumfunika shuka akiomba tumbaku. Wengine walikufa. Wengi zaidi walisimama. Yeye hakurudi kwake wakati wote huo. Mapacha walikuwa wamepelekwa kwa bibi yao Ushirombo, na chakula chake nilimpa mimi. Jina la mkewe hakulitaja.

Mtama wangu ulipoisha nikakumbuka ule wa kwenye pipa. Nikaenda kwa Mama Kulwa kuuomba. Nikabisha hodi mara tatu. Nikasukuma mlango.

Alikuwa sakafuni, ameegemea lile pipa. Uso si wake. Pembeni kulikuwa na bakuli la maji, na pakiti ya chumvi imepasuliwa.

"Mama Kulwa! Tangu lini?"

"Jana." Sauti ilikuwa imekwisha kukauka. "Usimwambie."

"Nisimwambie? Pale shuleni kuna uji! Kwa nini hukuja?"

"Ule ni wa wale niliowaua." Akapumzika. "Nitamwombaje sukari, mimi?"

Nilikimbia. Nilipomtajia hali ya mkewe na maneno yale ya sukari, Bwana Afya aliangusha chungu, na sijui kama alinisikia hadi mwisho. Alikimbia bila viatu kupita mstari wake mwenyewe wa chokaa. Tukapika pale pale uani, akamlaza kichwa mapajani mwake, akamnywesha na kumwita kwa jina lake la ubatizo ambalo sikuwahi kulisikia. Uji ulitoka pembeni mwa mdomo. Alikuwa amekwenda mbali mno. Kabla ya adhuhuri akanyamaza kabisa.

Bwana Afya alimfuta uji kidevuni. Kisha akanyoosha mkono, akavuta lile bakuli, akachovya kijiko, akaonja.

"Yamezidi," akasema.

Tulimzika na wengine. Alimwaga chokaa mwenyewe, hakumruhusu mtu mwingine. Maradhi yalipokwisha aliomba uhamisho, nami nikabaki na minyaa isiyo na mtu upande wa pili.

Miaka ile ya themanini ikielekea mwisho nilikwenda Mhunze kumwona mwanangu Masanja, aliyekuwa ameoa huko. Nikamsindikiza mkwe wangu kliniki na mjukuu. Kwenye foleni ya akina mama nikasikia sauti ninayoijua. Alikuwa amestaafu, mvi tupu, shati lile lile la mfuko wa kijiko. Muuguzi aliniambia huwa anakuja mwenyewe kila siku ya kliniki, hakuna anayemtuma.

"Shikamoo, Bwana Afya," nikasema.

Alinitazama mpaka nikadhani amenisahau. "Marahaba, Mama Masanja. Bado unachota karibu?"

"Nachota mbali sasa."

"Vizuri." Hakuuliza la Nyarugusu, nami sikulileta. Akawageukia akina mama, akaendelea na somo. Habari ya duara ilikuwa imeachwa. Hapa si machimboni, na sasa mlango ulikuwa wa zizi. Lakini chumvi ilikuwa ile ile, na sukari, na maji yanayofuata, na chozi. Nilikuwa naitikia kimoyomoyo kabla hajasema, kwa sauti ya Mama Kulwa juu ya kinu.

Nilidhani amemaliza. Akafuta kijiko, akakirudisha mfukoni.

"Bado swali moja," akasema. "Nyumbani kwako, yuko mtu anayeogopa kukuomba sukari?"

Akina mama wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mzee huyu! Wanaume wetu watatuogopa sisi?" Mkwe wangu naye alicheka, mtoto akirukaruka mgongoni. Bwana Afya hakucheka. Alisimama pale akiwatazama mmoja mmoja, anangoja jibu, na ilipofika zamu yangu nilishindwa kumtazama usoni.